Mamba na Gamba Lililonong'ona

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti nyembamba hivyo? Nusu yenu mmeitikia, nusu mnaangalia mapajani. Na baba yule pale, uso unamng'aa kwa mwanga wa simu, mtoto anamvuta shati. Haya, mie sisemi kitu. Tunaanza tena.

Paukwa!

Pakawa!

Sasa ndiyo. Hapo zamani za kale, mito ilipokuwa bado haijapewa majina, palikuwa na mto wa maji mekundu. Ukingoni mwake palikuwa na mkindu ulioinama mpaka majani yake yakagusa maji. Chini ya mkindu huo aliishi Mamba, mama wa watoto ambao alikuwa bado hajawaona.

Hajawaona kwa sababu walikuwa chini. Mamba hatagi kwenye nyasi kama kuku. Hufukua shimo, hutaga, hufukia, kisha hukaa hapo hapo juani akilinda. Kuwinda haendi. Kazi yake ni moja tu, kuweka kidevu juu ya mchanga na kusikiliza. Maana mtoto wa mamba akiwa tayari kuzaliwa, huita akiwa bado ndani ya yai. Mama akisikia, humfukua. Asiposikia, basi tena. Mchanga ule jua limeuoka ukawa sakafu, na mtoto kucha zake bado laini. Atabaki humo humo.

Basi Mamba alisikiliza. Asubuhi moja alikohoa, na chini ya kidevu chake kitu kikagonga. Tk. Akakohoa tena. Tk, tk. Jamani, mnyama yule ambaye hata kiboko humpisha njia, alitetemeka hadi ncha ya mkia. Kumbe kuna mtu humo ndani, na mtu huyo anamjua. Alishinda pale akikohoa na kujibiwa, akikohoa na kujibiwa, njaa akaisahau.

Jirani yake alikuwa Chekeamwezi, ndege wa miguu mirefu na macho makubwa. Yeye hutaga karibu na mamba ili wezi waogope kumsogelea. Walizoeana sana. Mamba alimwita mdogo wangu, naye akamwita dada.

Mvua ikanyesha huko juu, mto ukajaa mpaka karibu na shimo. Maji yalipopungua yaliacha kitu mchangani. Gamba la konokono, kubwa, jeupe, linang'aa. Mamba alilisogeza karibu alitazame tu, hakuwa na nia nyingine. Gamba likatetemeka. Zii, zii. Akaweka kidevu juu yake, nalo likaanza kunong'ona.

Lilinong'ona habari za mito yote. Mamba fulani wa mashariki ameangusha nyati. Mamba fulani ana meno meupe kuliko wenzake wote, na hivi sasa anayaonyesha. Kule kwenye ziwa mume na mke wameachana, na eti aliyeanza ni mke. Habari moja ikiisha, ya pili inaingia. Na zote zilikuwa za kweli, gamba halikusema uongo hata mara moja. Ndiyo maana lilimnogea.

Siku zikapita. Kidevu kikahama kutoka mchangani kikalala juu ya gamba. Mwili ulikuwa pale pale, juu ya watoto, haukusogea. Ungepita ungesema, huyu mama analinda kweli kweli, haondoki hata kunywa maji. Kumbe hayupo.

Chini kukagonga. Tk, tk.

"Subiri kidogo," akasema Mamba. Na alisema kwa upole, msidhani alikuwa mkali.

Kukagonga tena. Tk, tk, tk.

"Subiri kidogo."

Wakagonga kwa nguvu, wakagonga kwa unyonge, naye akajibu neno lile lile, mpaka likawa linamtoka mwenyewe bila kujua. Zii, zii. Subiri kidogo. Zii, zii. Subiri kidogo. Chekeamwezi akamwambia, dada, unaitwa. Mamba akamjibu kwamba anamalizia hii moja tu, inaisha sasa hivi.

Ikafika asubuhi ya kuzaliwa. Huko chini wote wakaita kwa pamoja. Ng'we, ng'we, ng'we.

Aliyesikia alikuwa Kenge. Kenge na mayai mnawajua wenyewe, ila siku zote alikuwa hathubutu kusogea penye mkindu ule. Siku hiyo alikuja anatambaa, akasimama, akamtazama Mamba usoni. Mamba alikuwa amefumba macho, anatabasamu na gamba lake. Kenge akazunguka nyuma, akaanza kufukua. Kwaru, kwaru, kwaru.

Wale watoto, maskini, wakasikia kucha zinakuja. Wakafurahi! Nani mwingine afukue kama si mama? Wakaita zaidi na zaidi, wakimwelekea Kenge.

Chekeamwezi akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Akashuka, akamdonoa Mamba puani. Mamba akamsukuma kwa mkono anyamaze, maana gamba lilikuwa limeleta habari nzito.

"Mdogo wangu, hebu sikia maajabu haya," akasema. "Eti kuna mama amelala juu ya wanawe. Wanamwita wazaliwe, hasikii. Kenge anawafukua nyuma yake, nao wanadhani ni yeye. Mama gani huyo? Hana moyo?"

Chekeamwezi akamtazama. "Ni mto gani, dada?"

Mamba akasikiliza. "Wa maji mekundu," akasema. "Chini ya mkindu ulioinama..."

Akainua kichwa, akauona mkindu.

Aligeuka kwa kishindo, mchanga ukaruka hadi juu ya mti. Kenge mbio, na yai mdomoni. Shimoni alikuwa ameacha maganda matupu. Waliokwenda walikwenda, sitawadanganya, na Mamba aliwalilia maisha yake yote. Lakini wengine walikuwa bado wanaita. Akafukua kwa mikono miwili, akafukua na kulia, akawatoa juani.

Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wanyama wote wa mto walipoacha kunywa. Kinywa kile kinachovunja mfupa wa nyati kilifunguka. Mamba akawaingiza wanawe humo, mmoja mmoja, kati ya meno, akafunga pole pole. Watoto wakachungulia kwenye meno kama watu walio dirishani. Akateremka nao mtoni, akafungua, wakaogelea. Hakuna aliyepata hata mkwaruzo. Viboko walisimama kimya majini. Tembo alishusha mkonga, akasahau alichokuja kufanya. Hakuna aliyejua kwamba kinywa kile kina upole wa namna ile, hata mwenye kinywa alikuwa hajui.

Likabaki yai moja. Lilikuwa pale mbele, chini ya kidevu chake, la yule aliyemgongea siku ya kwanza. Mamba akakohoa. Kimya. Akakohoa tena. Kimya. Akalitia kinywani, akaliviringisha taratibu kwa ulimi mpaka ganda likapata ufa, akaliweka chini.

"Toka, mwanangu," akasema. "Mama nipo."

Ndani ya ganda sauti ndogo, ya upole kabisa, ikajibu.

"Subiri kidogo."

Hakuna aliyecheka. Mtoto alikuwa amejifunza kusema huko huko ndani, na neno alilofundishwa ndilo hilo. Mamba hakubisha. Aliweka kidevu mchangani karibu na yai, akasubiri.

Gamba likatetemeka. Zii, zii. Lilikuwa na habari za mito yote. Likatetemeka weee, hakuna aliyeligusa, mpaka likachoka. Jua likapanda, na mto mzima ukasubiri pamoja na Mamba. Ufa ukaongezeka kidogo. Pua ikatokea. Kisha jicho, dogo, la manjano, likafunguka na kutazama juu. Na kitu cha kwanza kilichoonwa na jicho lile hapa duniani kilikuwa jicho la mama yake, linamtazama yeye peke yake.

Basi wazazi wenzangu, funzo ni hili, wala silifichi. Mtoto hajui shughuli zako. Anachojua ni kwamba ameita, na umeitika au hukuitika. Kukaa karibu naye bado si kuwa naye. Na neno unalomjibu leo ndilo atakalokujibu wewe kesho.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mkindu, na anayeitaka aichukue akawasimulie wanawe. Baba wewe, mtoto bado anakuvuta shati.