Kiboko Alipoingia Kambini

"Hadithi ipo mlangoni!"
"Ifungulieni iingie!"
"Inachechemea!"
"Na iingie hivyo hivyo, tuipe kigoda!"

Hapo kale wanyama wa msituni walikuwa na Baraza la Michezo, na mwenyekiti wake alikuwa Kiboko. Kila nyumba ilitoa kikapu cha chakula kiende kambini kwa wakimbiaji, maana kila mwaka walishindana na wanyama wa ng'ambo ya mto.

Mkimbiaji wao hodari alikuwa Paa. Akipita, fyuu! vumbi linabaki likiuliza kapita nani. Kocha wake alikuwa Kindi, mdogo wa mwili, mwingi wa hila.

Vikapu vikifika, Kiboko husema, "Kwanza tukague." Akikagua viazi, nyam nyam! Akikagua mihogo, nyam nyam! Akikagua karanga, nyam nyam! Maganda ndiyo yanayokwenda kambini.

"Kocha, miguu inatetemeka," Paa alisema. "Zungumza na Mwenyekiti."

"Vumilia, mwanangu."

Kindi hakuzungumza na mtu. Kila baada ya ukaguzi Kiboko alimrushia karanga mbili tatu, na Kindi alikuwa na watoto.

Msimu ukapita, na wa pili ukapita. Asubuhi moja Paa akaanguka mazoezini, puu! Kindi alipomnyanyua, akaona hana uzito kabisa. Aibu ikamshika. Akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Ng'ambo wameweka mbio za viongozi. Mshindi anapewa shamba zima la viazi."

"Zima?"

"Zima. Ila sharti kiongozi akae kambini siku saba, ale wanachokula wakimbiaji."

"Kwani wanakula nini?"

"Si chakula cha Baraza? Wewe mwenyewe ndiye unayekikagua."

Kiboko akakubali. Akamwachia Kindi ufunguo wa ghala, akaenda kambini, tif! tif! tif! Kindi akabaki ghalani kulinda vikapu, akipeleka kambini maganda tu kama kawaida. Hakumwambia yeyote, hata Paa, hila isije ikavuja.

Siku ya kwanza, maganda. Siku ya pili, maganda. Siku ya tatu, maganda, na tumbo la Kiboko likaunguruma kuru-kuru-kuru! Siku ya nne, chubwi! akajitosa mtoni, akatuma salamu kwamba uenyekiti umemshinda.

Kindi akajitwika kikapu kilichojaa, akakimbilia kambini.

"Paa! Paa, mwanangu, njoo ule!"

Ngawa, mkimbiaji aliyekuwa akilala jirani na Paa, akainua kichwa.

"Paa amevuka mto, kocha. Alivuka siku ile Mwenyekiti alipoingia. Alisema, 'Sasa wamekuja kutunyang'anya hata maganda.'"

Kindi akakaa chini, na kikapu bado kichwani.

Siku ya mashindano Paa alikimbia upande wa ng'ambo. Fyuu! Akashinda. Kindi akapenya katikati ya wapiga vigelegele mpaka akamfikia.

"Mwanangu, Kiboko ameondoka. Nilimfanyia hila kwa ajili yako."

"Hila hiyo ulikuwa nayo tangu lini, kocha?"

Kindi akatazama mikono yake. "Tangu msimu wa kwanza."

Paa akasema, "Shikamoo, kocha," kwa adabu ile ile ya zamani, akaenda kwa wenzake wapya waliokuwa wakimsubiri na bakuli la uji wa moto.

Hadithi yangu nimeitua begani; mwenye nguvu aibebe. Na mkiniuliza funzo, Baraza jipya limekwisha kututangazia: wanariadha wa siku hizi hawana uzalendo.