Manjano na Watoto wa Kinywani

— Hodi, wenye masikio.
— Karibu, mwenye ulimi.
— Nije na cheko au nije na chozi?
— Njoo na ulichonacho.
— Nilichonacho ni kidogo, chajaza kinywa kimoja tu.
— Kimege, utugawie.

Basi palikuwa na tangi la kioo. Tangi hilo lilikuwa Mbinga, sebuleni kwa Bi Gaudensia, juu ya meza ya mninga. Ndani yake mlikuwa na maji, mchanga, mawe, na samaki kumi na mmoja wa Ziwa Nyasa. Bi Gaudensia alizaliwa Liuli, ziwani kabisa, akaja kuolewa huku milimani kwenye baridi na mibuni. Akikumbuka kwao alivuta kiti mbele ya tangi, akanywa chai yake, akawatazama.

Samaki wake walikuwa wale wadogo wakaao kwenye mawe, ndugu zake perege, ambao watu wa ziwani huwaita mbuna. Na mbuna wana desturi yao. Jike akitaga, huokota yai moja moja akalitia kinywani, kisha akafumba ndi. Humo kinywani mayai huanguliwa, humo watoto huota macho, humo huota mikia. Wiki tatu mama hali. Wiki tatu mama hasemi. Akisema neno moja, watoto watamwagika.

Ndani ya tangi alikuwemo Bwana Milia, dume la buluu lenye milia myeusi, pana kama kiganja cha mtu mzima. Mapango yalikuwa matatu, yote yake. Chakula kilishuka mara mbili kwa siku, chote chake mpaka ashibe. Watoto wa wenzake walipotoka vinywani mwa mama zao, chwap, chwap, nao pia wake.

Alikuwemo na Manjano, jike dogo la rangi ya jina lake, lisilozidi kidole cha mwisho cha mkono. Mumewe aliitwa Kijiti, kwa wembamba wake. Milia alimfukuza Kijiti asubuhi, akamfukuza mchana, akamfukuza jioni, kwa sababu tu alikuwa dume na yeye ni dume. Siku moja Kijiti akaona heri hewa kuliko maji yale. Akaruka, chubwi, akapita juu ya kioo, akaanguka sakafuni. Bi Gaudensia alimkuta kesho yake chini ya kabati, amekauka kama jani.

Mayai ya mwisho ya Kijiti yalikuwa kinywani mwa Manjano. Hakuweza hata kumlilia mumewe kwa sauti. Alijibanza nyuma ya jiwe la pembeni, akafumba.

Siku ya tatu Milia akaja.

"Shemeji, hujambo?"

"Mm," akaitika Manjano.

"Chakula kimeshuka, shemeji. Leo nimekubakishia. Fungua mdomo ule."

Njaa ilikuwa inamkata Manjano. Vipande vyekundu vya chakula vilipita mbele ya macho yake, vikizunguka taratibu, mpaka harufu yake ikamwingia. Akatikisa kichwa.

"Mm-mm."

Milia akavila mwenyewe, akaenda zake.

Siku ya nane Milia akaja tena, safari hii na wenzake nyuma yake.

"Shemeji, hujambo?"

"Mm."

"Hawa wanasema huna mayai. Wanasema umevimbisha koo kwa maringo tu, mjane mzima. Mimi nimekutetea. Fungua mdomo waone, waaibike."

Wale majike wengine walikuwa wanatazama chini. Walikuwa wanajua, maana kila mmoja wao aliwahi kufunguliwa mdomo kwa njia yake. Manjano akatikisa kichwa.

"Mm-mm."

Siku ya kumi na tatu Milia akaja peke yake, mapezi ameyashusha, mwendo wa polepole kama mtu aingiaye msibani.

"Shemeji, hujambo?"

"Mm."

"Nimekuja kukupa pole ya marehemu. Sikuja siku ile, ni kosa langu. Kijiti alikuwa kama mdogo wangu. Pole sana, mama."

Tangu Kijiti afe, hakuna aliyemtamkia Manjano pole. Na kwao pole hujibiwa. Mfiwa asiyejibu pole huonekana hakumpenda marehemu. Akahisi taya zinalegea. Ndani ya kinywa watoto walikuwa wanacheza, mikia yao ikimtekenya ulimi. Akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa mchanga, akakaa hivyo, hajibu, hajibu, mpaka Milia akachoka.

"Basi sikiliza," Milia akasema, na sauti ya msibani ilikuwa imemtoka. "Watoto hawakai kinywani milele. Siku utakayowatema nitakuwa hapo mbele yako. Siku hiyo hutanitikisia kichwa."

Na hilo lilikuwa kweli. Manjano alilijua, na lilimwuma kuliko njaa.

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo Manjano alilijua na Milia hakulijua. Kila jioni Bi Gaudensia alishusha pazia zito la dirishani, akawasha taa ya tangi. Saa hiyo Milia alikuwa ameshakula akavimbiwa, yuko pangoni anakoroma. Manjano, asiyekula, alikuwa macho. Na jioni moja, kwenye kioo cha ubavuni, alimwona jike la manjano lenye koo lililovimba. Alimtikisia mkia. Naye akamtikisia. Siku mbili nzima Manjano alikuwa na furaha kwamba amepata mwenzake, mjane kama yeye, mwenye mzigo kama wake. Siku ya tatu akagundua kwamba mwenzake hatikisi mkia mpaka yeye atikise. Akaelewa. Akarudi nyuma ya jiwe lake taratibu.

Sasa alimfuata Milia mwenyewe. Jioni, pazia limeshuka, taa inawaka, akaenda mpaka mlangoni mwa pango, akapiga mkia, pu, pu, pu.

"Nani?" akauliza Milia. "Shemeji? Umekubali kufungua?"

"Mm."

Akaogelea mbele, Milia nyuma. Akampeleka mpaka kwenye kioo cha ubavuni, kisha akajitoa pembeni. Milia akatazama. Mbele yake alisimama dume la buluu, pana kama yeye, milia kama yake.

"Wewe nani?" akauliza Milia.

Yule naye akafungua mdomo, asitoe sauti.

"Nakuuliza wewe nani kwenye maji yangu."

Yule akafungua mdomo, asitoe sauti.

Milia akamgeukia Manjano. "Huyu ndiye aliyekukataza kunifungulia?"

Manjano akamtazama. Katika maisha yake yote hakuwahi kusema uongo, na wala hakuhitaji kufungua mdomo kuusema.

"Mm," akasema.

Milia akajirusha, gu! Yule naye, gu! Milia akarudi nyuma, akaja na nguvu zote, gu! Mdomo ukapasuka. Wa yule nao ukapasuka, jambo lililompa Milia moyo. Walipigana mpaka taa ikazimwa. Kesho yake Milia hakula. Alikuwa anamngoja mwenzake. Jioni pazia likashuka, adui akaja, gu, gu, gu. Kesho kutwa vilevile. Magamba yakaanza kudondoka mchangani moja moja. Jioni ya tano Milia alikuwa anaelea ubavu, jicho moja juu, na bado anasema kwa sauti ndogo, "Tangi hili langu."

Manjano alikuwa nyuma ya jiwe lake, akihesabu. Siku ya kumi na nane. Zilibaki tatu, na mlango wa dunia ulikuwa wazi kwa wanawe.

Asubuhi Bi Gaudensia alipokuja na chai yake, alikiweka kikombe chini asinywe.

"Maskini weee," akasema. "Nani amekuumiza hivi?"

Akaleta ndoo, akaleta wavu. Lakini Milia, hata nusu mfu, alijua kukimbilia pangoni. Na mbuna aliyeingia kwenye mawe hatoki kwa wavu. Mpaka mawe yatoke kwanza. Bi Gaudensia akakunja mkono wa gauni lake la kitenge, akayatoa mawe, moja, moja, moja. La kwanza lilikuwa pango la Milia. La mwisho lilikuwa jiwe la pembeni, na Milia akatiwa ndooni.

Manjano hakuwa na pa kukimbilia. Tangi zima lilikuwa mchanga mtupu na mwanga.

"Kumbe na wewe umebeba, mama," akasema Bi Gaudensia, akachutama atazame koo lake. "Na mimi sina habari. Ungewatema humu wangeliwa wote, kama wa wenzako."

Alisema hivyo kwa upendo, msimdhanie vingine. Akamchota Manjano kwa wavu, akamshika kwa kiganja kilicholowa ili asimtoe magamba. Akachukua njiti ya kiberiti, akaipitisha taratibu kwenye mdomo ulioshinda njaa, na aibu, na pole ya uongo. Mdomo ukafunguka. Watoto wakamwagika kwenye beseni, ishirini na wawili, kila mmoja na macho mawili meusi.

"Haya, pumzika sasa," Bi Gaudensia akamwambia. "Hawa nitakulelea mimi."

Akayarudisha mawe mahali pake, akamrudisha Manjano tangini. Milia alikufa ndooni mchana ule, akazikwa chini ya mgomba. Kwa hiyo mapango matatu hayakuwa na mwenyewe. Chakula kilishuka, hakuna wa kukipora. Wale majike wengine wakaja na kumwambia, "Umetuokoa, dada." Manjano akajibu, "Mm." Wakamwambia, "Mbona husemi, na sasa unaweza?" Akajibu, "Mm." Chakula kikapita mbele yake, kikaanguka mchangani, kikalainika, kikaoza. Hakufungua mdomo.

Watoto waliwekwa kwenye tangi dogo, juu ya meza ileile, kioo kwa kioo. Mchana Manjano alisimama pale ubavuni, akawaona. Walikuwa wanakula unga wa chakula, wanafukuzana, wanakua. Wakati mwingine mmoja alikuja kwenye kioo, akamtazama yule samaki mkubwa wa manjano, halafu akageuka akaenda kucheza. Hakuna aliyemjua. Wangemjuaje? Walikuwa wamemwona kutoka ndani tu. Jioni pazia liliposhuka, watoto walipotea, na kwenye kioo alibaki jike moja lenye koo lililonywea.

Walipofikia ukubwa wa ukucha, wageni wakaanza kuja. Masista wa misheni walichukua sita. Mwalimu mmoja wa sekondari alichukua watano, akawabeba kwenye chupa ya jamu. Wifi yake Bi Gaudensia alichukua wanane kwa ajili ya wajukuu wake. Watatu waliobaki walikwenda Songea na mgeni wa harusi. Siku moja tangi dogo lilikauka likafutwa kwa kitambaa, likapandishwa juu ya kabati.

Manjano alikula siku ile, kidogo, macho yake kwenye mahali palipokuwa na tangi dogo.

Ukapita mwezi. Asubuhi moja Bi Gaudensia alimwita jirani yake, Bi Otmara, kwa furaha.

"Njoo uone. Manjano wangu amebeba tena. Koo lile pale, limejaa."

"Kwa dume lipi?" akauliza Bi Otmara. "Si ulisema wamebaki majike watupu?"

Bi Gaudensia akaleta beseni, akaleta wavu, akaleta njiti ya kiberiti. Mdomo wa Manjano ukafunguka. Tik. Tik. Tik, tik, tik. Changarawe zikaanguka kwenye beseni, nyeupe, ndogo, za mviringo, kila moja ukubwa wa yai.

Bi Otmara akacheka. "Samaki wako amekudanganya, mama."

Bi Gaudensia hakucheka. Alizitazama zile changarawe kwa muda mrefu, Manjano akihema kiganjani mwake. Mwisho akasema, "Pole, mama," kwa sauti ambayo Bi Otmara hakuisikia vizuri.

Akamrudisha majini. Halafu akaziokota changarawe kwenye beseni, akaziangusha tangini moja moja, karibu na jiwe la pembeni. Manjano akashuka nazo. Akaokota moja, akaokota nyingine, akaokota nyingine, mpaka zilipotimia. Akafumba ndi.

— Hapo ndipo nilipofika.
— Na sisi tumefika nawe.
— Mna miguu ya kurudia?
— Tunayo, ila mizito.

Na kwa kuwa ngano haimalizwi bila funzo, funzo lake ni hili: mnyonge akimwondoa mwenye nguvu, shida zake zote zimekwisha. La pili: anayefumba mdomo hapotezi kitu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kusema, nami nimesema. Mwenye swali akamuulize Manjano, ila asikae kungoja jibu.