Fisi Alivyojipachika Jina kwenye Mkoba

Paukwa! Mbona kimya? Nasema paukwa!

— Pakawa!

Haya, hiyo ndiyo sauti ya walioshiba. Tegeni masikio, na wewe unayetafuna huko nyuma, acha.

Palikuwa na Sange, kale kamnyama kenye pua ndefu, mama wa pacha. Alikuwa fundi wa kompyuta ya msituni. Programu yao, iliyoandikwa kwa lugha ya C, ilituma sisimizi vibarua: huyu akachote maji, yule akasenye kuni. Maagizo ya kila kibarua yalitiwa kwenye muundo wa data aliouunda Sange mwenyewe, akauita Mkoba.

Desturi yao ilikuwa hivi: kando ya kila mstari wa programu, mashine iliandika jina la aliyeugusa mwisho. Kibarua aliyetumwa na mstari huo akirudi, humwendea huyo huyo ampokee. Anayepokea hupewa sahani ya kumbikumbi. Wanyama waligawana mistari, na Sange alipokea wawili watatu kwa siku. Pacha wakala, wakatosheka.

Basi siku hiyo akaja Fisi, mkubwa wa msitu, mate yanamtoka.

"We Sange! Huo Mkoba kuanzia leo utaitwa Fisi. Na sahani zote ni zangu!"

"Na wanangu je, Bwana?"

"Wale majani!"

Moyo wa Sange ukapiga paa! Pacha wale majani? Alitaka kulia, jamani. Akajikaza, akatabasamu.

"Jina zuri hilo, Bwana. Ila mashine ikikuta jina la zamani hata mahali pamoja, inagoma. Itabidi ubadilishe kila mstari. Nibadilishe mimi?"

"Thubutu! Ili sahani zije kwako? Toka hapo!"

Fisi akakaa. Ta-ta-ta-ta! "Tayari?" Mashine: piii! Sange, pembeni: "Bado, Bwana." Ta-ta-ta-ta! "Tayari?" Piii! "Bado, Bwana." Mistari mia nne na kumi na miwili! Vidole vikamvimba, lakini hakuacha hata mmoja. Mwishowe mashine ikakubali.

Sahani zikaja zimejaa pomoni. Fisi akanyoosha mkono. Ngo-ngo-ngo!

"Bwana Fisi, nimerudi, nipokee."

Akampokea. Akanyoosha mkono. Ngo-ngo-ngo!

"Bwana Fisi, nimerudi, nipokee."

Foleni ilifika mtoni. Na sisimizi asiyepokewa haondoki, anang'ata.

"Sange! Rudisha jina la zamani!"

"Haraka ya nini, Bwana? Limekupendeza kweli. Ila chakula kitachacha. Tukusaidie?"

"Kuleni! Kuleni, mniache nipokee! Uwiii, mguu wangu!"

Sange akawaita pacha. Wakala mpaka matumbo yakawa ngoma. Fisi mpaka leo hajaonja hata bawa.

Ngano nimeitua hapa, anayeitaka aibebe. Funzo? Watoto, msiwe wajanja kama Sange, ni tabia mbaya sana. Mkubwa akitaka jina lake liandikwe kila mahali, mtiini, mumwonyeshe na mistari aliyoisahau.