Koo Aliyekataa Kuita

Hadithi inabisha hodi, ifungulieni!

Bi Semeni aliwalisha kuku wake mchwa, aliowatega kwa chungu chenye samadi. Siku moja akaja mgeni na gunia.

"Tupa wadudu hao, bibi. Chukua mtama wangu, bure."

"Bure?" Bi Semeni akamtazama toka utosini hadi ukuchani. "Aonje koo kwanza, huyu mama wa vifaranga."

Koo akadonoa, akanyamaza. Hakuwaita wanawe. Mgeni akatoa mahindi, koo kimya. Akatoa mchele, koo kimya.

Bi Semeni akamwaga mchwa. Koo akaita, "Ko! Ko! Ko!" Vifaranga mbio! Mchwa wengine wakalitoboa gunia, nafaka ikamwagika, ikageuka meno. Kumbe mgeni ni zimwi! Akatimka, kibogoyo, meno yake yote kayaacha chini.

Ndiyo maana sisi wafugaji, tukiletewa chakula kipya, hatumsikilizi aliyekileta. Tunamsikiliza koo.