Mpangaji wa Chumba cha Chini

Hapo zamani, tena zamani kweli, wanyama walikuwa na nyumba, majiko na wakwe kama sisi. Sogeeni karibu, nanyi mlio nyuma msisukumane.

Nchi yao ilikuwa na maghala matatu ya mtama: la Bwana Kiboko, la Bwana Tembo na la Bwana Nyati. Kila aliyevuna alipeleka mtama wake huko. Wenye maghala waliwakopesha wakulima, na wakulima walirudisha na nyongeza. Nchi nzima ilikula kwa njia hiyo.

Lakini Mfalme Simba alikuwa ameweka sharti. Kila ghala liwe na chumba cha chini, na humo mwenye ghala aweke mtama wake mwenyewe. Kwa kila magunia kumi ya watu anayoyatunza, yeye atie moja lake.

"Wakulima wakishindwa kulipa," alisema Simba, "hasara ianze na mwenye ghala, isianze na mjane aliyeleta kibaba chake."

Bi Pimbi alikuwa mjane wa namna hiyo. Aliishi na wanawe kwenye majabali nyuma ya ghala la Kiboko, na mavuno yake yote yalikuwa humo.

Asubuhi moja ukungu ulishuka mpaka majabali yakapotea. Upepo ukavuma, na ghala la Kiboko likalia.

Uuuuuu!

"Mama, nani analia?" waliuliza watoto.

"Nyamazeni!"

Bi Pimbi alishuka, akatega sikio ukutani. Nywele zikamsimama. Ghala lililojaa halilii. Chumba cha chini kilikuwa kitupu, na upepo ulikuwa unazunguka humo kama mtu anayetafuta mlango.

Siku hiyohiyo alikuja Korongo, mkaguzi wa mfalme. Bi Pimbi akajificha akitazama. Loo! Kabla Korongo hajafika, vibarua walijaza magunia chumba cha chini haraka haraka. Korongo akagonga ukuta kwa mdomo. Ko! Ko! Ko!

"Kimejaa," alisema, akaenda zake.

Alipowapa tu kisogo, magunia yakatolewa kwa mlango wa nyuma, yakabebwa kimya ndani ya ukungu. Ilisikika miguu tu, pu, pu, pu. Yakavushwa mto hadi kwa Tembo, kabla Korongo hajafika kukagua huko. Baadaye ukungu ulipoinuka, Bi Pimbi alisimama ukingoni, akayaona yakitoka kwa Tembo kwenda kwa Nyati. Moja lilikuwa na kiraka chekundu, hilohilo alilokuwa ameliona kwa Kiboko.

Bi Pimbi alifungua mdomo apige kelele, kisha akaufunga. Akipiga kelele, wanyama wote watakimbilia mtama wao leo hii. Nao mtama uko mashambani kwa wakopaji. Wenye nguvu watapata, na wanawe watalala njaa.

Akafikiri, halafu akaenda kwa Kiboko.

"Hodi! Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, Bi Pimbi. Umefuata mtama?"

"La, nauliza tu. Chumba cha chini kimejaa?"

"Ah! Korongo mwenyewe kagonga, kasema kimejaa!"

"Afadhali. Maana bibi yangu aliniambia kikiachwa kitupu huingia mpangaji."

"Mpangaji gani?"

"Hakunitajia jina. Alisema huanza kula nafasi, kisha humla aliyeiacha."

Kiboko akacheka, ha ha ha! Lakini cheko lilikatika katikati.

Bi Pimbi akajipenyeza kwenye ufa wa jabali uliotokeza chumba cha chini, akaingia humo na mtungi mtupu. Kulikuwa baridi kama kaburini. Aliposikia Kiboko anapita juu, akauweka mdomo mtungini.

"Kibokoooo..."

"Na... nani?"

"Mpangaji wako."

"Toka!"

"Nitoke niende wapi? Umenipa nafasi kubwa, nimelala vizuri. Ila nina njaa." Akaparura mbao kwa kucha. Krrr! Krrr!

Jasho jekundu likamtiririka Kiboko. "Unataka nini?"

"Mtama wako. Usiwe wa kuazima! Usipoleta, nitapanda juu. Nikimaliza mtama wa juu, nitakuja kitandani kwako."

Kiboko alikimbia hadi kwake, akaanza kubeba magunia.

"Baba watoto, hicho ni chakula cha harusi ya binti yetu!" alilia mkewe.

"Usiniulize!"

Tu! Tu! Magunia yakaingia. Kila gunia lilipoingia, Bi Pimbi alirudi nyuma, na sauti ikazidi kuwa nyembamba, mpaka akatokea kwenye ufa na chumba kikanyamaza.

Siku chache baadaye Tembo naye alionekana akibeba magunia kutoka shambani kwake, uso umempauka. Nyati akafuata. "Kiboko amewasimulia," alijisemea Bi Pimbi, akafurahi.

Mwaka huo nzige walikula mashamba, wakopaji wakashindwa kulipa. Hasara ilikula mtama wa vyumba vya chini mpaka karibu uishe, ikakomea hapo. Bi Pimbi akapewa mtama wake wote, akasonga ugali, wanawe wakashiba.

Kwenye karamu ya mfalme alishindwa kujizuia.

"Bwana Kiboko, yule mpangaji nilikuwa mimi na mtungi wangu!"

"Mshenzi we!" alinguruma Kiboko, kisha akaangua kicheko. "Nami kwa aibu sikumwambia mtu yeyote!"

Bi Pimbi akaacha kutafuna. "Hukumwambia hata Tembo?"

"Hata mke wangu."

Tembo hakucheka. Aliinama mpaka mkonga ukagusa chini.

"Bi Pimbi, niambie kweli. Na kwangu ulikuwa wewe?"

"Mimi ng'ambo ya mto sijawahi kufika, bwana wangu."

"Sauti iliniita kwa jina la utotoni," Tembo alinong'ona. "Jina alilolijua marehemu mama yangu peke yake."

Nyati akaweka bakuli chini. Hakuna aliyemuuliza yeye alisikia nini.

Tembo akasimama. "Chumba changu kimebaki na magunia mawili tu," alisema, akaondoka mbio na chakula chake hajakigusa. Kiboko na Nyati wakamfuata. Bi Pimbi akawakusanya wanawe, akarudi jabalini, akauziba ule ufa kwa mawe.

Basi, wanangu, ukikubali kutunza vya wenzako, weka na chako chini yake, na kiwe chako kweli.