Bibi Hakosi na Mwanzi wa Vuai

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, palikuwa na ada moja ya furaha: siku ya kuuanza mwaka, watu walipigana vita vya rangi. Silaha ilikuwa gobori la shaba, na risasi ilikuwa kitufe cha nta kilichojazwa maji ya manjano. Kikikupata kifuani hukufa wala hukuumia, ila ulianguka kama maiti na watu wakakucheka mpaka jioni. Lakini shaba ni ghali, basi ikawa matajiri ndio wapigao na maskini ndio wapigwao, mwaka nenda mwaka rudi.

Sultani Hamduni alikuwa na gobori alilorithi kwa babake, zito kama ndama, kitako kimelainika kwa mashavu ya wafalme wawili. Alilipenda hata akalipa jina, Bibi Hakosi. Na kweli hakukosa! Sultani akifyatua, bum, mtu chini. Akifyatua tena, bum, mtu chini. Siri yake nawaambia ninyi tu: baruti ya gobori lile iliyeyusha nta kabla kitufe hakijatoka, kikatoka uji, na uji ukaenda ulikotaka wenyewe. Ila Waziri Shekuwe na wenzake wa baraza walificha vifuko vya manjano ndani ya kanzu, na kila waliposikia mlio walifumba macho, wakajipiga kifuani, wakaanguka wakilia, "Ametuua Maulana!" Hivyo ndivyo walivyokula pilau ya kasri miaka kumi na minane.

Basi alikuwako fukara mmoja, msukaji wa majamvi, jina lake Vuai. Mwaka ule akatwaa mwanzi, akafunga kiriba cha ngozi ya mbuzi mwishoni, akatia kitufe, akakibana kiriba kwapani: pwa! Kitufe kikaruka kizima, kikampata kuku wa jirani. Akatengeneza mwingine, na mwingine, akaiuza kwa bei ya nazi mbili, na asiye na nazi akapewa kwa maneno matamu. Wiki haikupita, wachukuzi na wauza mbaazi wakawa wanafanya mazoezi uani, na kuku wote wa Shungi wakawa wa manjano.

Waziri aliposikia, akaiona pilau yake hatarini, kwa maana mwanzi haukuhitaji mtu wa kujipiga kifua. Akaenda mbio kwa Sultani, akasema, "Maulana, yuko mtu anayejigamba kuwa kijiti chake kinamshinda Bibi Hakosi." Vuai akaletwa.

"Ewe Vuai, umesema hayo?"

"Sikusema, Maulana, lakini nikiulizwa sitakana. Bibi Hakosi ni mzuri, namsifu. Kitako chake chakaa begani vyema, na aliyemzoea hauoni uzito wake. Mwanzi wangu ni mwepesi, wayumba kidogo, na ukinyeshewa wanuka mbuzi. Ila kitufe chake chafika kizima."

"Na cha Bibi Hakosi hakifiki?"

Baraza lote likakohoa kwa pamoja.

Sultani akaghadhibika, akasema, "Basi sikiliza. Kesho, siku ya mwaka, utampiga kwa mwanzi wako mtu ambaye Bibi Hakosi hawezi kumpata. Ukimpiga, maskini wa mji huu watacheza daima. Ukishindwa, mianzi yote itachomwa moto, nawe utahama Shungi." Waziri akacheka mpaka kilemba kikalegea, maana ni nani asiyepatikana kwa gobori lisilokosa?

"Nimesikia na kutii," akasema Vuai. "Naomba mawili tu. Huyo nitakayempiga, awaye yote, asinilipize kisasi. Na kitufe changu kiwe cha nili, si cha manjano, ili kijulikane ni changu."

"Umepewa."

Kulipokucha, mji mzima ukajaa uwanjani. Maskini wameishika mianzi yao kwa mikono miwili, roho zi juu, hawajui kama watacheza nayo au wataiona ikiungua. Vuai mwenyewe alikuwa akitia kitufe cha nili mwanzini, mdomo ukicheka. Sultani akamweka Bibi Hakosi begani, na watu wa baraza wakajipanga mbele yake kama desturi, mikono kifuani, macho wameshayafumba.

"Haya, Vuai, yuko wapi mtu huyo?"

"Maulana, Bibi Hakosi awaweza wote walio mbele yake. Mmoja tu hajampata tangu afuliwe, naye ni huyo aliye nyuma yake, amemshika."

Pwa! Nili ikapasuka kifuani pa Sultani, ikamrukia ndevu zote.

Na papo hapo, puu, puu, puu! Waziri na wenzake sita, waliosikia mlio tu, wakajipiga vifua na kuanguka mmoja juu ya mwingine. "Ametuua Maulana!"

Sultani, ndevu za buluu, akavitazama vifua saba vya manjano. "Vuai, umefyatua mara ngapi?"

"Moja, Maulana."

"Na mimi?"

"Hata moja."

"Basi hawa wameuawa na nani?"

Waziri akafumbua jicho moja, akaziona ndevu za Sultani, akalifumba tena.

Sultani akasimama hatua tatu tu kutoka kwa Waziri, akamlenga, akafyatua. Bum! Uji wa manjano ukachuruzika mdomoni mwa gobori, ukadondokea makubadhi ya Sultani mwenyewe. Aibu ikamshika, na machozi yakamlengalenga, kwa kuwa alimpenda Bibi Hakosi kuliko farasi zake. Kisha cheko likaanza tumboni, likapanda, likamshinda nguvu, akaketi mavumbini akijipiga mapaja. "Miaka kumi na minane! Sijapiga hata paka!"

Basi Vuai akavishwa joho, mianzi ikaruhusiwa daima, na Waziri na wenzake wakaamriwa kusimama mbele ya wachukuzi kila mwaka, mikono juu, kanzu zimekaguliwa. Bibi Hakosi akatundikwa juu ya kitanda cha Sultani. "Nimemzoea," akasema, wala hakuna aliyembishia. Kisha akatoa nazi mbili, akapewa mwanzi.

Siku ile Sultani akafyatua vitufe thelathini, akakosa ishirini na tisa. Cha thelathini kikampata Bi Mize, muuza mbaazi, begani. Bi Mize akalitazama bega lake, akaigusa rangi, akakilamba kidole. "Hapa umenipata kweli, Maulana," akasema, akajilaza chini taratibu. Sultani akavua kilemba, akakirusha juu, akakimbia mtaa hata mtaa akipiga kelele, "Nimempata! Jamani, nimempata kweli!"

Nami hekaya yangu imeshakauka. Mwenye doa akafue.