Supu ya Mama Asiyekimbia

"Elfu arobaini na tano, Mama Sekela. Na leo siondoki mlangoni hapa bila hiyo hela."

"Kaka yangu, hata salamu?"

"Salamu nilikupa wiki iliyopita, ukaniambia kesho. Juzi nikakupa nyingine, ukaniambia kesho. Leo salamu nimeziacha nyumbani."

"Basi rudi ukazichukue! Unamgongea mwenzio asubuhi yote hii, mtoto mgongoni, uji unafurika jikoni, unamdai kama mwizi wa kuku. Nimekula nini chako mimi?"

"Hujala kitu changu. Umekosa mazoezi. Ukikosa, elfu tatu. Sheria tuliipitisha wote, na mkono ulinyoosha."

Ndugu zangu, mmesikia? Watu wazima wawili wanagombana mlangoni, na ugomvi si wa kiwanja wala wa mirathi. Ni wa mbio! Na huko nyuma kuna mtu ameshasema "amina" wakati bado sijasema kitu. Weka hiyo amina yako mfukoni kwanza.

Huyo aliyekuwa akidai alikuwa mweka hazina wa kikundi cha mazoezi cha mtaa mmoja, katika mji mmoja wa baridi. Na huyo mama alikuwa mama wa watoto watatu. Mumewe alikuwa machimboni, mkoa wa mbali, mtu wa kuonekana Krismasi. Yeye alikuwa akishona sare za shule. Cherehani ilikuwa pale pale sebuleni, na akishakaa kwenye kile kiti asubuhi, alikuwa akiinuka kumwangalia mtoto, kuonja mboga, kumpokea mteja, basi. Mwaka ukaisha hivyo, na mwingine. Miguu ikaanza kuvimba jioni. Akipanda kile kilima cha kwenda sokoni anasimama katikati, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba, kumbe anatafuta pumzi.

Akaenda zahanati. Nesi akampima, akampima tena mkono wa pili.

"Mama, hii presha haina mzaha. Dawa utameza, lakini mwili umekaa mno. Utembee, ukimbie kidogo, utoke jasho. Kila wiki, bila kuacha."

"Nesi, nimeshajaribu. Naanza Jumatatu, Alhamisi nimeacha."

"Unaanza na nani?"

"Na nani tena? Na mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana unaacha. Tafuta wenzako. Una watoto wadogo, mama. Wanakutaka ukiwa mzima, hawataki picha yako ukutani."

Hayo maneno ya picha yalimwingia. Akatoka pale akaenda moja kwa moja kununua raba za mtumba, nyeupe, zenye mistari ya bluu, akajiandikisha kwenye kikundi.

Na kikundi kilikuwa kizuri, nisiwasingizie. Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kabla jua halijatoka, walikusanyika uwanja wa shule, wakazunguka mtaa mzima kwa mchakamchaka, wanaimba. Jumamosi wakimaliza, wanakaa pamoja wanakunywa supu ya mbuzi. Wakaona watu wanalegea, wakaweka sheria siku ile ile aliyojiandikisha, naye akanyoosha mkono: asiyekuja anatozwa, na faini ndiyo itakayonunua mbuzi. Walikuwa na nia safi kabisa. Walitaka mtu akivuta blanketi aikumbuke hela yake, aamke.

Huyu mama Jumatatu ya kwanza alikwenda. Alikimbia vibaya, alikuwa wa mwisho, lakini alirudi anacheka peke yake njiani kama mtu aliyepata barua nzuri. Watoto alikuwa amemwachia Sekela, binti wa miaka tisa. Alipofungua mlango akakuta uji umemwagika jikoni, binti analia kwa sababu amebabuka vidole, na yule mdogo kabisa amekaa kizingitini bila suruali, kifua kinakoroma kwa baridi.

Ninyi mngefanyaje? Mwambie jirani yako hapo, usiniambie mimi.

Yeye alimfuata mwenyekiti wa kikundi. Akamweleza. Mwenyekiti akamsikiliza vizuri sana, akatikisa kichwa vizuri sana, akasema, "Mama, kila mtu hapa ana watoto." Akaenda zake. Kweli kila mtu alikuwa na watoto. Mwenyekiti wa kwake walikuwa na mama yao, na bibi yao, na dada wa kazi.

Akamfuata jirani yake, mwanamke mwenzake, wanachangia ukuta.

"Dada, hivi siku moja moja usingenikalia na hawa watoto? Nusu saa na ushee tu, nirudi."

"Ningekaa, wallahi ningekaa," jirani akasema, naye ni Mkristo, lakini aliapa hivyo hivyo. "Ila nikikaa na watoto wako, mbio nimekosa mimi. Elfu tatu hiyo, nani ananilipia?"

Wakacheka wote wawili. Lakini mmoja wao alikuwa anacheka ili asionekane vingine.

Basi akaanza kulipa. Kila Jumamosi anampa jirani faini apeleke. Kwa nini alilipa? Angeweza kujitoa. Alilipa kwa sababu aliona kwamba akiendelea kutoa bado ni mwenzao. Jina lake linasomwa. Na jina lako likisomwa mahali, hata kwenye orodha ya waliokosa, si ni afadhali kuliko kutosomwa kabisa?

Akajaribu na peke yake pia, msije mkasema hakujaribu. Alizunguka nyumba. Mbwa wa jirani akamfukuza. Alipanda kile kilima mchana wakati mtoto amelala, watu wakamwuliza, "Mama Sekela, unamkimbiza nani?" Siku ya tatu mvua ikanyesha, Sekela akavaa zile raba kwenda nazo shule kwa sababu za kwake zimetoboka, zikarudi na tope mpaka ndani. Zikakauka nje ya mlango. Zikakaa.

Na kila asubuhi ya zamu, kikundi kilikuwa kikipita nyuma ya jiko lake. Kwanza unasikia miguu, halafu kiongozi anaita, "Aliyelala!" Kundi zima linajibu, "Mwacheni alale!"

"Aliyelala!"

"Mwacheni alale!"

Jamani. Huyu mama ameamka saa kumi. Amewasha moto, amepiga pasi sare, amemnyonyesha mtoto, amemfunga mgongoni, anakoroga uji. Na watu anaowalipa wanapita dirishani kwake wanamwimbia kwamba amelala. Je, unajua alikuwa anafanya nini walipopita? Alikuwa anaruka. Pale pale jikoni, mwiko mkononi, mtoto mgongoni, anainua miguu juu chini kwa kufuata wimbo wao, mpaka wimbo unapotelea kule kona ya mashine ya kusaga. Halafu anasimama. Ukimya wa jiko baada ya hapo, asiyeujua aombe asiujue.

Sasa shule zilipofunguliwa, vitambaa vikapanda bei, akashindwa kutuma faini. Zikarundikana. Ndipo tukamkuta yule mweka hazina mlangoni Ijumaa ile.

Mama akaingia ndani, akatoa hela ya vitambaa, akamhesabia mkononi. Yule kaka akalainika papo hapo. Hakuwa mtu mbaya. Akatabasamu, akamshika mtoto shavu, akasema, "Usikasirike, Mama Sekela. Wewe ndiye nguzo yetu. Bila wewe, supu tungeisikia kwa jirani."

Alisema kwa utani. Akaondoka anapiga mluzi.

Mama akabaki amesimama mlangoni. Lile neno likazunguka kichwani siku nzima, cherehani inalia, yeye hasikii cherehani. Jioni akachukua zile raba, akazigonga ukutani tope likadondoka. Akawaambia watoto, "Kesho tunakwenda wote."

Jumamosi hiyo, giza bado, watu wakamwona anaingia uwanjani. Mdogo mgongoni, wa kati ameshikwa mkono, Sekela nyuma ameshika chupa ya uji. Wengine wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema, "Eeh, leo tumepata ugeni!" Wakaanza kukimbia.

Wangapi hapa mmewahi kukimbia na mtoto mgongoni? Basi. Walipofika kona ya kwanza alikuwa nyuma kidogo. Kona ya pili, nyuma zaidi. Wimbo ukawa unakwenda, unakwenda, kama redio ya mtu anayepita na baiskeli. Hakuna aliyegeuka. Si kwa ubaya, mbio ni mbio! Mwisho akabaki barabarani na watoto wake watatu na vumbi la wenzake. Wakatembea. Mtoto wa kati akauliza, "Mama, wale watu wametukimbia?" Akamjibu, "Hapana, wanakimbia tu."

Akafika uwanjani wenzake wameshakaa, jasho limekauka, sufuria katikati, vikombe vinazunguka. Wakampa kikombe. Akamnywesha kwanza huyu, akamnywesha yule, akabakiza mafunda mawili yake. Ilikuwa supu nzuri, ina limau na pilipili. Mwaka mzima alikuwa akiinunua, na ndiyo kwanza anaionja.

Ndipo mtu mmoja akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Sasa Mama Sekela, ukianza kuja kila siku, sisi mbuzi tutanunua na nini?"

Uwanja mzima ukacheka. Mweka hazina alicheka mpaka akashika mbavu. Jirani wa ukuta mmoja alicheka. Na yeye mama akacheka. Akaosha kikombe chake, akaaga vizuri, akawapanga watoto wake, akaenda nyumbani.

Jumatatu, miguu ikasikika nyuma ya jiko. Sauti ya mwanamke ikauliza, "Mama Sekela leo hayupo?" Sauti ya mweka hazina ikajibu huku inahema, "Weka elfu tatu!" Kicheko. "Aliyelala!" "Mwacheni alale!"

Alikuwa na mwiko mkononi. Asubuhi ile hakuinua mguu.

Ehe. Sasa yule wa amina yuko wapi? Mbona kimya?

Nitasema wazi, kwa sababu sijui kusema kwa kuzunguka. Asije mtu akaniambia nje ya mlango kwamba huyu mama alikosa nia. Nia alikuwa nayo mpaka anaruka jikoni na mwiko! Mzazi mwenye watoto wadogo hakosi nia. Anakosa mtu. Anakosa mikono miwili ya kumshikia mtoto mpaka ashuke kilima na kupanda. Mle kikundini mlikuwa na watu zaidi ya thelathini. Kila mmoja angekaa na wale watoto mara moja tu, zamu isingemrudia mpaka miezi imepita, na mama angekimbia wiki zote hizo. Lakini sheria yao ilikuwa inamtoza hata yule ambaye angekaa. Waliweka sheria ya kumtoa mtu ndani, ikamfungia ndani, halafu wakaanza kunywa supu yake. Na wakaizoea ile supu! Huo ndio ubaya wenyewe, ndugu zangu. Walifika mahali ambapo akipona, wao wanapata hasara.

Na sisi je? Msiwacheke wale wa mtaa ule. Hapa kwetu, mtu asipokuja jumuiya akatuma bahasha, tunauliza bahasha ina nini, hatuulizi yeye ana nini. Mama wa kwaya aliyeacha mazoezi tangu ajifungue, tunampigia simu lini? Siku ya mchango wa sare. Baba yule aliyefiwa na mkewe, anayesuka nywele za binti zake kwa kutazama kwenye simu, tunamkumbuka kwa lipi? Ahadi yake ya bati la kanisa. Tunajua anachodaiwa kila mtu hapa. Tunakijua kwa kichwa.

Nami leo nasema na wadai. Wewe ambaye watoto wako wamekua, wanajichemshia chai wenyewe. Wewe bibi unayeamka mapema huna la kufanya, unahamisha viti tu. Wewe kijana unayekimbia kila asubuhi na kujipiga picha. Katika mtaa wako yuko mzazi mmoja ambaye mwili wake unachoka kabla ya wakati, na anajua, na anaogopa, na hajamwambia mtu. Mungu hajakuomba umpe ushauri. Ushauri anao, nesi alishampa. Hajakuomba umpe moyo kwa maneno.

Mzazi huyo anakudai asubuhi moja. Si zawadi hiyo, ni haki yake, na umekaa nayo muda mrefu. Kesho, kabla ya jua, nenda kwake, mpokee mtoto, mwambie, "Toka ukakimbie."

Lipa.